Daiodi yangu inahesabu chembe au inahesabu pumzi zangu? Na silikoni inajuaje chembe imepita wapi?

daiodi_moja

Wakuu, salaam kwenu. Samahani mapema kama swali ni la kitoto.

Nilisoma kwamba kule CERN, maabara kubwa ya fizikia ya chembe iliyoko Uswisi, vigunduzi vya ndani kabisa, vile vinavyozunguka mahali protoni zinapogongana, ni mabamba ya silikoni yenye unene wa theluthi moja tu ya milimita. Nikajiambia, kama silikoni yenyewe ndiyo hii hii iliyomo kwenye daiodi, kwa nini nisijaribu? Nikachukua daiodi moja ya kupokea mwanga, ile bapa yenye uso wa milimita za mraba 7 hivi, nikaipa volti 9 za betri kinyumenyume, nikaiunga na amplifaya ya hatua mbili, nikafungia kila kitu ndani ya kopo la bati. Kifuniko kilikuwa hakikazi, basi juu nikaziba kwa karatasi ya alumini. Waya wa kutokea unaingia kwenye kompyuta pale pa maikrofoni, na programu ndogo inahesabu mapigo.

Inahesabu, wakuu! Mapigo kama 300 kwa dakika. Nilikaa saa nzima nikiyatazama tu. Halafu nikapiga chafya, skrini ikajaa. Nikaita jina langu mwenyewe karibu na kopo, ikajaa tena. Nikanyamaza, ikarudi kwenye 300 zake. Sasa sijui nahesabu chembe kutoka angani au nahesabu pumzi zangu.

Na kuna jambo linanisumbua kuliko hilo. Chembe inapenya bamba na kuendelea na safari zake, haikusimama. Mizani gani inampima mtu anayepita juu yake mbio? Na kwenye bamba jembamba vile wanajuaje imepita hapa na si mikroni 50 pembeni, yaani sehemu ya ishirini ya milimita? Mwenye kujua anifungue macho.

---

FundiNyuzi

Mkuu, nianze na hilo kopo maana linaniwasha.

Umetengeneza maikrofoni. Karatasi ya alumini uliyofunika juu inatetemeka kama ngozi ya ngoma. Ikitetemeka, umbali wake na waya wa daiodi unabadilika, kapasitansi (uwezo wa kushika chaji) inabadilika, chaji inasukumwa huku na huku, na amplifaya yako, ambayo kazi yake ni kushangilia chaji ndogo kuliko zote, inadhani kuna mgeni. Kapasita za kauri nazo zina tabia hiyo hiyo, ukizitikisa zinatoa volti. Tupa hiyo karatasi. Tafuta kopo la chuma lenye kifuniko cha kukaza, unga mwili wa kopo na waya wa ardhi wa saketi, kisha kaliweke juu ya sponji mbali na feni na mbali na wewe.

Halafu, kabla hujakiita kitu chembe, jiulize unatarajia ngapi. Muoni, chembe zenye chaji zinazotunyeshea kutoka angani, kwenye usawa wa bahari ni kama moja kwa kila sentimita ya mraba kwa dakika. Uso wa daiodi yako ni sentimita ya mraba 0.07. Kwa hiyo unatarajia moja kila robo saa. Wewe unapata 300 kwa dakika. Hata uwe na bahati ya namna gani, huwezi kuzidishiwa mara 4,000.

Mimi si mwanafizikia. Nimekaa miaka 11 kwenye chumba safi, nimefunikwa toka utosini hadi nyayoni, nikiunga nyuzi na kupima mabamba kabla hayajaenda kufungwa kwenye mitambo. Niliajiriwa kwa sababu mikono yangu haitetemeki. Kitu kimoja nilichoondoka nacho ni hiki: kazi ngumu ya silikoni si kusikia, ni kunyamaza.

Tazama. Chembe yenye chaji ikipita ndani ya fuwele ya silikoni inang'oa elektroni njiani. Kila elektroni inayong'oka inaacha nafasi wazi, tunaiita tundu, na tundu nalo linatembea kana kwamba ni chaji chanya. Kutengeneza jozi moja ya elektroni na tundu kunagharimu elektronivolti 3.6 (elektronivolti ni kipimo kidogo mno cha nishati) kwa wastani. Chembe yenye kasi ikikata bamba la mikroni 300 inaacha jozi kama 22,000. Ukisikia 22,000 unadhani ni nyingi. Lakini kipande hicho hicho cha silikoni safi, chenye uso wa sentimita moja ya mraba, kikiwa kimekaa tu mezani, joto la chumba peke yake linaweka ndani yake chaji huru zaidi ya milioni 400. Sasa wewe unataka kusikia 22,000 katikati ya milioni 400. Ni kumnong'oneza mtu aliye upande wa pili wa uwanja wakati timu imefunga bao.

Dawa yake ni hiyo uliyoifanya bila kujua: daiodi iliyopewa volti kinyume. Ukiivuta kinyume, chaji huru zinafagiliwa kutoka kwenye maungio, pale pande mbili za daiodi zinapokutana, kwenda kingoni, na pale zilipoondoka panabaki eneo tupu lenye uga wa umeme. Eneo hilo ndilo kigunduzi. Sehemu ya silikoni ambayo haijafagiliwa ni mzigo tu. Na unene wa eneo hilo unakua kwa kipeuo cha pili cha volti: ukitaka unene mara mbili, weka volti mara nne. Mabamba mengi ya mikroni 300 yaliyopita mikononi mwangu yalikuwa yamefagiliwa hadi chini yakifika volti 60 mpaka 100. Wewe na volti 9 zako umefagia ukumbi, vyumba bado. Ongeza volti, lakini soma kwanza karatasi ya sifa za daiodi yako usije ukaichoma. Zikiongezeka, kapasitansi nayo inashuka, na kelele za amplifaya zinashuka pamoja nayo.

Jambo jingine, daiodi yako iko gizani kweli? Usijibu haraka. Siku moja nilikuwa napima bamba ndani ya sanduku jeusi, napandisha volti kumi kumi na kuandika mkondo unaovuja. Bamba zuri linavuja nanoampea chache, na mchoro wake unalala kama maji ya mtungi. Hili mkondo ukaruka mara arobaini. Nikabadilisha kebo. Nikabadilisha sindano za kupimia. Nikamlaumu mwenzangu wa zamu ya asubuhi kwamba amelishika kwa kidole, maana chumvi ya jasho ukingoni mwa bamba inatosha kulifanya livuje mpaka lipasuke. Nikaja kugundua taa ya darubini ilikuwa inawaka, na kifuniko cha sanduku kilikuwa kimekalia waya, kimeacha mwanya usiozidi unywele. Silikoni haijui kama ni taa ya darubini au muoni kutoka angani. Inachojua ni kwamba elektroni imeondoka mahali pake. (Mwenzangu nilimwomba radhi. Alicheka wiki nzima.)

Swali lako la mikroni 50. Bamba halijatengenezwa kama daiodi moja. Uso wake umechorwa daiodi nyingi nyembamba, mistari iliyolala sambamba, kwa mfano kila baada ya mikroni 80. Uga wa umeme unavuta matundu moja kwa moja kwenda kwenye mstari ulio karibu. Elektroni zinafika upande wake ndani ya nanosekunde 10 hivi, matundu yana mwendo mzito, yanachukua mara mbili au tatu ya hapo. Kila mstari una waya wake wa alumini wenye kipenyo cha mikroni 25, mwembamba kuliko unywele wako, unaotoka kwenye bamba kwenda kwenye chipu ya kusoma. Hizo ndizo nyuzi zangu. Mashine inaugandamiza waya na kuutetemesha kwa mawimbi ya sauti usiyoyasikia mpaka unashikana na chuma cha chini, hakuna risasi, hakuna moto. Unasikia "tik". Tik, tik, tik, mara 768 upande mmoja. Uzi mmoja ukilala na kumgusa jirani, mistari miwili imekufa, na unaitoa kwa kibano huku umebana pumzi.

Mstari gani umepiga kelele? Huo ndio jibu la imepita wapi. Kama chipu inasema ndiyo au hapana tu, kosa lako ni upana wa hatua kugawa kwa kipeuo cha pili cha 12, yaani mikroni 80 zinakupa mikroni 23. Kama chipu inapima kiasi cha chaji, unafanya vizuri zaidi. Tuseme mstari wa kwanza umepata elektroni 15,000 na jirani 7,000. Chembe imepita kati yao, karibu na wa kwanza: gawa 7 kwa 22, zidisha kwa 80, mikroni 25 kutoka katikati ya mstari wa kwanza.

Mizani na mtu anayepita mbio nawaachia wenye kompyuta.

---

njia_na_mpindo

Mwenye kompyuta nimefika. FundiNyuzi ameeleza vizuri, ila hesabu yake ya mwisho imenifanya nikune kichwa, nitairudia chini.

daiodi_moja, silikoni haimpimi mpita njia uzito. Inachukua nyayo zake tu. Mzigo aliobeba tunausoma kwenye namna njia yake inavyopinda.

Unaweka matabaka ya silikoni moja nje ya jingine, na yote unayaingiza ndani ya sumaku kubwa. Chembe yenye chaji ndani ya uga wa sumaku inakwenda kwa tao. Momenta yake, yaani huo mzigo wa mwendo, kwa gigaelektronivolti (elektronivolti bilioni moja) ni 0.3 mara nguvu ya sumaku kwa tesla mara nusukipenyo cha tao kwa mita. Fomula yenyewe ni hiyo tu. Sumaku ya CMS, mmoja wa mitambo mikubwa ya CERN, ina tesla 3.8. Chembe ya gigaelektronivolti 1 inazunguka kwenye tao la nusukipenyo cha sentimita 88, inapinda mpaka unaiona kwa macho kwenye picha. Ya gigaelektronivolti 10, nusukipenyo ni karibu mita 9. Na ikipinda kulia au kushoto unajua chaji yake ni chanya au hasi, hiyo ni zawadi.

Sasa njoo kwenye chembe yenye momenta kubwa, gigaelektronivolti 100. Mfumo wa silikoni wa CMS unafika kama mita 1.1 kutoka katikati. Katika safari hiyo yote, tumbo la tao, yaani umbali wa njia kutoka kwenye mstari ulionyooka, ni milimita 1.7. Ipe gigaelektronivolti 1,000, tumbo linakuwa milimita 0.17. Ni upana wa mistari miwili ya FundiNyuzi. Ndiyo maana watu wazima wanagombania mikroni. Na hapa pana kituko: kadiri chembe inavyokuwa na nguvu ndivyo njia yake inavyonyooka, na ndivyo tunavyozidi kuwa na shaka juu ya momenta yake. Vigunduzi vya nje vinavyosimamisha chembe na kupima nishati yake yote vina tabia ya kinyume, vinakuwa bora nishati inapopanda. Kwa hiyo mtambo unavihitaji vyote viwili.

Kwa chembe dhaifu adui ni mwingine: silikoni yenyewe. Kila tabaka inalopenya linaisukuma pembeni kidogo, viini vya atomu vinaivutavuta. Chembe ya gigaelektronivolti 1 ikipita mikroni 300 za silikoni inapotoka kwa kama miliradiani 0.6, na sentimita 10 mbele kupotoka huko ni mikroni 60. Umehangaika kupima kwa mikroni 20, bamba lako mwenyewe limekuharibia kwa 60. Na hapo sijataja kebo, mabomba ya kupoza na vishikizo, ambavyo kwa pamoja mara nyingi vinazidi silikoni. Kigunduzi cha ndani cha ALICE, mtambo mwingine wa CERN, kilichowekwa mwaka 2021 kina chipu zilizokwanguliwa mpaka matabaka ya ndani yamebaki na mikroni 50, pikseli na saketi ya kusomea vimo ndani ya kipande kimoja, na kwa jumla zina pikseli bilioni 12.5. Ukiishika ya namna hiyo inajikunja kama karatasi.

Kwa nini pikseli, kama mistari inatosha? Mstari unakupa upande mmoja tu. Ukitaka pande mbili, unaweka bamba la pili mistari yake ikikatana na ya kwanza. Zikipita chembe 10 kwa pamoja na mistari ikikatana kwa pembe mraba, una makutano 100, na 90 kati ya hayo ni mizimu. ATLAS, nao wa CERN, wanapunguza mizimu kwa kuinamisha bamba la pili kidogo tu, miliradiani 40, ili kila mstari ukutane na wachache. Lakini karibu na mgongano, ambako chembe zimebanana kama watu kwenye mlango wa uwanja, ni pikseli tu. CMS waliweka mpya mwaka 2017, pikseli milioni 124, kila moja mikroni 100 kwa 150. Mistari yao ya nje ni kama milioni 9.3, ikitandaa karibu mita za mraba 200 za silikoni.

Mihimili ya protoni inakutana kila nanosekunde 25. Katika muda huo hata mwanga unakwenda mita 7.5 tu, maana yake chembe za mgongano uliopita bado zimo ndani ya mtambo wakati za mgongano mpya zinazaliwa. Sisi tunapewa rundo la nukta na kuambiwa tutafute njia. Tunachukua nukta tatu au nne zinazoonekana kuwa za mtu mmoja, tunabashiri atakanyaga wapi kwenye tabaka linalofuata, tunatazama pale, tukikuta nukta tunarekebisha ubashiri na kusonga mbele. Ni mbinu ya Kalman ya mwaka 1960, ile iliyotumika pia kuongoza vyombo vya Apollo. Nukta zisizokubaliana tunaziacha. Bila kujua kila bamba liko wapi hasa, yote hayo ni bure, na hakuna fundi anayeweza kufunga maelfu ya mabamba kwa usahihi wa mikroni 10. Kwa hiyo tunafunga kwanza, kisha njia zenyewe zinatuambia: ikiwa chembe zote zinazopita bamba fulani zinaonekana zimeruka mikroni 40 kushoto, si chembe, ni bamba. Muoni zako za angani hutumika sana kwa kazi hiyo.

Sasa FundiNyuzi. Wastani wako wa 15,000 na 7,000 unafaa kama makadirio ya kwanza, lakini wingu la chaji linapofika kwenye mistari lina upana wa mikroni chache tu. Chembe iliyopita wima karibu na mstari inaupa mstari huo karibu chaji yote, na ile inayogawanyika kweli ni iliyopita karibu na katikati. Kwa mgawanyo wako, mimi ningeiweka karibu zaidi na 35 kuliko 25. Kuna mkunjo wa masahihisho tunautengeneza kutoka kwenye data.

---

FundiNyuzi

Nimekubali. Nilijua wenye skrini hawatalala kabla hawajanisahihisha mikroni 10.

---

daiodi_moja

Wakuu, nimesoma mara tatu. Kwa hiyo kiasi cha chaji hakina maana nyingine zaidi ya kugawanya kati ya mistari? Na chembe isiyo na chaji je, inapita kama hewa?

---

Obiti

Nadandia hapa. Isiyo na chaji inapita bila kuacha alama mpaka igonge kitu. Darubini ya angani ya Fermi, iliyorushwa Juni 2008, inatafuta miale ya gama, yaani mwanga wenye nishati kubwa mno, na gama haina chaji. Walichofanya ni kuweka mabati membamba ya tungsteni kati ya matabaka ya silikoni. Gama ikigonga tungsteni inageuka elektroni na positroni (pacha wa elektroni mwenye chaji chanya), hizo mbili zina chaji, zinaacha nyayo mbili zenye umbo la V, na ukiziunganisha kurudi nyuma unajua gama ilitoka upande gani wa anga. Chombo kilichoitangulia kilitumia gesi, na gesi angani inachakaa na hakuna wa kukujazia. Silikoni haina cha kujaza.

Kiasi cha chaji kina maana kubwa. Alama inakua kwa mraba wa chaji ya chembe: heliamu inaacha mara nne ya protoni yenye mwendo ule ule, kaboni mara 36. Kigunduzi cha AMS-02 kilichofungwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga Mei 2011 kina matabaka 9 ya silikoni, na hivyo ndivyo kinavyotenganisha kiini kimoja na kingine.

---

njia_na_mpindo

Na chembe ya polepole inaacha chaji nyingi kuliko ya mbio, kwa hiyo protoni na payoni (chembe nyepesi kuliko protoni) zenye momenta moja ya chini zinatofautika: protoni ni nzito, mwendo wake ni mdogo, inachafua zaidi. Tahadhari moja tu. Namba ile ya 22,000 ni ile inayotokea mara nyingi, si ahadi. Mara moja moja chembe inagonga elektroni kwa nguvu na chaji inaruka mara mbili, mara tatu. Mchoro wake una mkia mrefu upande wa kulia. Ukipima mara moja unadanganyika, ndiyo maana tunapima kwenye matabaka mengi na kutupa zile kubwa mno kabla ya wastani.

Nilisahau kusema haya yote yalianzia wapi, na napapenda. Mwaka 1980 Josef Kemmer kule München alichukua njia ya kutengeneza chipu za elektroniki akaitumia kutengeneza vigunduzi vinavyovuja kidogo sana. Mwaka 1983 jaribio la NA11 la CERN lilikuwa na bamba lenye mistari 1,200, kila baada ya mikroni 20, na elektroniki iliyolizunguka ilikuwa kubwa mara nyingi kuliko bamba lenyewe. Walikuwa wanatafuta chembe zinazoishi muda mfupi mno. Mfano wa baadaye ni chembe zenye kwaki b (kwaki ni chembe ndogo zinazounda protoni na wenzake), zinaishi kama pikosekunde 1.5, zinasafiri milimita chache kutoka kwenye mgongano kisha zinavunjika. Huwezi kuiona yenyewe, lakini njia za vipande vyake ukizirudisha nyuma hazikutani kwenye mgongano, zinakutana kando kidogo. Hiyo kando kidogo ilikuwa moja ya silaha za jaribio la CDF kule Marekani walipotangaza kwaki t mwaka 1995.

---

daiodi_moja

Swali la mwisho halafu nakwenda kwenye kopo langu. Kitu kinachokaa milimita chache kutoka kwenye mgongano kwa miaka, hakichakai?

---

FundiNyuzi

Kinachakaa, na kinachakaa vibaya. LHCb, mtambo mwingine wa CERN, wana pikseli zinazokaa milimita 5.1 kutoka kwenye mhimili, zimegawanywa nusu mbili, na wakati mhimili unapojazwa na haujatulia nusu hizo zinarudishwa nyuma zisije zikachomwa.

Chembe zikipita kwa mabilioni zinang'oa atomu nzima kwenye fuwele, si elektroni tu. Kila palipong'olewa panakuwa kama ufa: mkondo unavuja zaidi, na chaji inayosafiri inanaswa njiani, haifiki. Silikoni ya aina ya n (yenye elektroni za ziada) ikipigwa vya kutosha inageuka tabia na kuwa kama aina ya p (yenye matundu ya ziada). Volti zilizokuwa 80 zinakuwa mamia, na bado unasikia nusu ya ulichokuwa ukisikia.

Dawa ya kuvuja ni baridi. Kila nyuzi 7 au 8 unazoshusha, mkondo unapungua nusu. Ndiyo maana vigunduzi vile vinaendeshwa chini ya sifuri. Na hapa pana jambo ambalo lilinichukua muda kuliamini. Bamba lililoumia ukiliacha kwenye joto la chumba siku kadhaa, linapona kidogo. Unafurahi. Ukiliacha miezi, linageuka na kuharibika kuliko lilivyokuwa. Tulikuwa na mabamba yaliyorudi kutoka kupigwa mnururisho, yanatakiwa yakae kwenye friza, kila moja na kitabu chake cha saa: limetolewa lini, limekaa nje dakika ngapi, nani alilitoa. Mtu mmoja alisahau mlango wa friza wazi Ijumaa. Jumatatu hatukuwa na matokeo, tulikuwa na vipande vya silikoni visivyojulikana umri.

Daiodi yako haitafika huko. Ifunge vizuri tu.

---

daiodi_moja

Nimerudi na matokeo. Kopo la chuma, kifuniko cha kukaza, mkanda mweusi juu ya mkanda mweusi. Betri tatu za volti 9 kwa mfuatano, jumla 27, karatasi ya sifa inaruhusu. Nimepandisha kizingiti cha programu mpaka nilipopiga kelele za makusudi na kaunta haikusogea. Halafu nikaliacha usiku, saa 8 kamili, nikaenda kulala chumba kingine.

Mapigo 39. Kwa hesabu ya FundiNyuzi nilitarajia kama 34. Wakuu, hizi ni muoni?

---

njia_na_mpindo

Namba kukubaliana na matarajio hakuthibitishi kitu. Kuta za nyumba zina potasiamu na jamaa zake, zinatoa gama, na gama ikipiga elektroni ndani ya daiodi unapata pigo. Na kwa kizingiti ulichopandisha, huenda muoni nyingi zimepita chini yake. Unaweza kuwa na gama 30 na muoni 9, jumla ikatoka nzuri.

---

FundiNyuzi

Weka daiodi ya pili. Zibane mgongo kwa mgongo, na uhesabu pale tu zote mbili zinapopiga kwa wakati mmoja. Gama mara nyingi itaishia kwenye moja. Muoni inakata zote mbili. Utapata chache kuliko 39, na hizo chache ndizo za kujivunia. Usije ukavunja king'amuzi cha moshi kutafuta amerisiamu (punje ya mnururisho iliyomo ndani yake) ya kujaribia, chembe za alfa inazotoa hazipenyi hata plastiki ya daiodi yako, na vumbi lake si la kuvuta.

---

daiodi_moja

Ya pili ninayo, ilikuja kwenye pakiti moja na hii. Naanza kuichomelea leo usiku.

Kuna anayejua kama jina la mtumiaji humu linabadilishwa?